Upepo wa Bure na Upepo wa Kununua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Twaleta neno juu ya tairi za motokaa. Wako kati yetu wenye pikapu kuukuu, na wako wanaoendesha gari za matajiri. Tukifika kwa fundi wa tairi twaulizwa kama twataka upepo wa kawaida au naitrojeni. Upepo wa kawaida mara nyingi ni bure. Naitrojeni ni ya kulipia. Basi, twalipia nini?

Kwanza tujue ya kwamba upepo huu tunaovuta puani ni naitrojeni kwa sehemu kubwa. Katika kila sehemu 100, karibu 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni.

Twaambiwa naitrojeni haitoki upesi. Ni kweli, lakini faida yake ni ndogo. Gazeti la Consumer Reports la Marekani lilijaribu aina 31 za tairi kwa mwaka mzima, likatoa habari zake mwaka 2007. Tairi zilianza na ratili 30. Zenye upepo wa kawaida zilipungua ratili 3.5, zenye naitrojeni ratili 2.2. Tofauti ni ratili 1.3 kwa mwaka, na zote zilipungua. Kwa hiyo aliyenunua naitrojeni naye hana budi kupima.

Twaambiwa pia ya kwamba naitrojeni haipandi kwa joto. Hilo si kweli. Zote mbili hupanda karibu sawasawa, kadiri ya ratili 1 kwa kila digrii 6. Tairi iliyotoka Nairobi alfajiri na baridi, ikifika Voi adhuhuri itakuwa imepanda, iwe na naitrojeni au isiwe nayo.

Jambo la tatu ni maji, na hapa sisi wa reli tuna ujuzi. Breki za gari moshi hutumia upepo, na twajua tangi la kompresa lisipotolewa maji, maji huingia katika mabomba. Kwa fundi wa tairi ni vivyo hivyo. Naitrojeni ni kavu, lakini upepo wa kompresa iliyotunzwa vizuri watosha.

Wako wanaohitaji naitrojeni kweli. Tarehe 31 Machi 1986, huko Meksiko, breki ya ndege ilishika moto mkali, na tairi iliyojazwa upepo wa kawaida ikapasuka ndege ikiwa angani. Watu wote 167 walikufa. Mwaka 1987 Marekani ikaamuru tairi za ndege kubwa zijazwe naitrojeni.

Lakini motokaa si ndege. Tairi ya motokaa yenye upepo haba hujikunja, hushika joto, kisha hupasuka, hasa gari likiwa na mzigo mwingi. Hapo dereva ndiye huulizwa kwanza, ingawa gari si lake na geji hakupewa.

Kwa hiyo twaomba haya:

1. Tupime tairi kila mwezi, asubuhi zikiwa baridi, pamoja na ile ya akiba.

2. Tufuate hesabu iliyoandikwa penye mlango wa gari. Ile iliyo ubavuni mwa tairi ni mpaka wa juu, si kipimo cha kila siku.

3. Mwenye naitrojeni akiona tairi imepungua, aongeze upepo wa kawaida papo hapo. Haudhuru. Asiendelee na safari akitafuta naitrojeni.

4. Madereva wa kuajiriwa wadai geji kwa mwajiri, kama wanavyodai jeki na spana.

5. Tawi letu linunue geji moja nzuri, ikae ofisini, kila mwanachama aitumie.

Naitrojeni si sumu wala si wizi. Mwenye fedha za ziada na anunue. Lakini mwenye mshahara kama wetu anunue geji kwanza. Bwana Mwenyekiti, twaomba neno la tano lipigiwe kura leo.