Vidonda vya Kinywa Virudivyo

Jioni hii nitasema nanyi habari ya vidonda vya kinywa, na ya dawa iitwayo metronidazo, ambayo wengi wenu huijua kwa jina la Flagyl.

Huku kwetu Kwa Mrombo, Arusha, nyama ya kuchoma na pilipili hupendwa mno. Jirani yangu mmoja alifika hali ya kushindwa kutafuna hata ugali, kwa uchungu wa kinywa. Akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge hivyo bila kuulizwa neno. Siku chache baadaye alikuwa nafuu. Mwezi wa pili vidonda vikarudi, naye akanunua tena. Aliendelea hivyo karibu mwaka mzima, na mwili ukazidi kukonda.

Dawa hii ilitumika kwanza kwa kuua viumbe vidogo sana vya chembe moja, na hata leo hutibu kuhara damu kunakoletwa na amiba. Lakini mwaka 1962 mganga wa meno wa Uingereza, Bwana Shinn, alieleza jambo la ajabu: mwanamke aliyepewa dawa hiyo kwa ugonjwa wa ukeni alipona pia fizi zake zilizokuwa na vidonda. Hivyo ikajulikana kuwa huua na bakteria waishio pasipo hewa, wale waozeshao fizi.

Basi, kwa fizi zinazooza ni dawa njema. Lakini utando mweupe juu ya ulimi huweza kuwa wa fangasi. Malengelenge ya midomo mara nyingi ni ya virusi. Na viko vidonda visivyoletwa na kijidudu chochote. Kwa hivyo vyote metronidazo haina nguvu. Tena mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua aweza kupata aina hizo zote, moja baada ya nyingine.

Hatimaye jirani alipimwa damu hospitalini, akaonekana ana virusi vya Ukimwi. Alipewa dawa za kufubaza virusi, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004.

Mwenye kidonda kisichopona kwa wiki tatu, au kirudicho mara kwa mara, na aende akapimwe. Na anywaye metronidazo asiguse pombe mpaka zipite siku tatu baada ya kumaliza vidonge. Najua Kwa Mrombo neno hili ni gumu.

Juzi nilimkuta jirani akila nyama, na pilipili kando ya sahani. Kwa herini.