Kura Isiyo na Jina la Chama: Tujifunze Nini kwa Nebraska?

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yetu kwenye kikao cha elimu ya uraia. Tumeyaweka hapa kwa sababu wengi mliomba myasome kwa utulivu.)



Nianze na swali. Siku ya kura umepewa karatasi ya mwakilishi wa wadi. Juu yake kuna majina ya watu tu. Hakuna jogoo, hakuna chungwa, hakuna mwavuli, hakuna toroli. Hakuna rangi. Jina, halafu kisanduku cha kutia alama. Je, utampigia nani? Usinijibu haraka. Wengi wetu tukiondolewa ile nembo, tunabaki tumeduwaa, kwa sababu yule mtu wenyewe hatumjui. Tulizoea kuambiwa "pigeni suti kamili, juu mpaka chini", tukapiga.

Sasa kuna mahali ambapo karatasi ya namna hiyo si ya kufikirika. Ni jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani, nchi ya mahindi na ng'ombe. Mji wao mkubwa ni Omaha. Hapo ndipo alipozaliwa El-Hajj Malik El-Shabazz, yaani Malcolm X, mwaka 1925. Kwa hiyo si mahali pageni sana kwetu.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake. Majimbo 49 yana bunge la mabaraza mawili, moja la wawakilishi na moja la maseneta. Nebraska peke yake ina baraza moja. Wabunge wake ni 49, wote wanaitwa maseneta, na wote wanachaguliwa bila jina la chama kwenye karatasi. Jimbo lina watu karibu milioni 2, kwa hiyo kila seneta anawakilisha watu kama 40,000. Ukilinganisha na huku kwetu, ukubwa huo uko karibu na wadi kuliko eneo bunge. Ni mtu ambaye unaweza kumkuta dukani.

Walifikaje hapo? Haikushuka kutoka juu. Mwaka 1934 Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na Nebraska ilikuwa na ukame pia. Kulikuwa na mzee anaitwa George Norris, seneta wao kule Washington, mtu wa chama cha Republican ambaye hakukubali kuburutwa na chama chake. Akasema bunge la jimbo lina watu wengi mno, lina siri nyingi mno, na vyama vimelikalia. Watu wakakusanya sahihi, jambo likapelekwa kwa wapiga kura. Norris akatia mafuta gari lake akazunguka jimbo zima, mji baada ya mji. Mpaka leo husimuliwa huko kwamba alimaliza seti mbili za tairi.

Hoja yake kubwa ilikuwa moja, nanyi mtaielewa mara moja. Penye mabunge mawili, mswada ukitoka huku na umbo moja na kule na umbo jingine, inaundwa kamati ndogo ya kuoanisha. Enzi zile kamati hiyo ilikaa mlango umefungwa. Watu wachache wanaingia, wanakata hapa wanaongeza pale, wanatoka na kitu kipya, na hakuna anayejua nani alikata nini. Kisha kila mbunge anarudi nyumbani akisema, "Mimi nilipigania, ni wale wa baraza lile waliotuangusha." Huyu anamrushia yule, yule anamrushia huyu, na mwananchi hana wa kumshika shati. Norris akasema kukiwa na baraza moja, lawama haina pa kukimbilia.

Jambo la pili lilikuwa hilo la vyama. Hata watu wa upande wake walimwomba akiondoe kifungu hicho, maana kingewakasirisha wakubwa wa vyama vyote. Akakataa. Alisema mambo ya jimbo ni barabara, shule, ushuru, maji. Mtu wa jimbo achaguliwe kwa uwezo wake juu ya hayo, si kwa sababu anamuunga mkono rais fulani.

Novemba 1934 watu wakapiga kura: 286,086 walikubali, 193,152 walikataa. Januari 1937 bunge jipya likakaa. Kutoka wabunge 133 wa mabaraza mawili, wakabaki 43. Kamati zikapungua kutoka 61 hadi 18. Gharama ya kikao kile cha kwanza ilikuwa karibu nusu ya kile cha 1935.

Haya, inafanyaje kazi leo? Uchaguzi una hatua mbili. Mwezi wa tano kuna mchujo, na wagombea wote wanawekwa kwenye karatasi moja. Hakuna mchujo wa chama hiki na mchujo wa chama kile. Mpiga kura yeyote aliyesajiliwa anachagua. Wawili wanaoongoza wanakwenda duru ya Novemba, hata kama wote ni watu wa chama kimoja. Kwa hiyo hakuna mtu wa kukaa ofisini na kugawa tiketi. Yale mambo tunayoyajua sisi, mtu ameshinda mchujo usiku, asubuhi cheti kimetoka kwa jina la mwingine, hayana pa kutokea.

Ndani ya bunge hakuna kiongozi wa wengi wala kiranja wa kuchunga wabunge. Spika anachaguliwa kwa kura ya siri, na wenyeviti wa kamati vilevile. Ndiyo maana watu wa chama chenye wabunge wachache wamewahi kuongoza kamati. Na hili nataka mliandike: kila mswada unaoletwa lazima usikilizwe hadharani na kamati. Kila mswada, si ile mikubwa tu. Mwananchi anaingia, anajaza fomu, anakaa kwenye kiti, anaeleza anakubali au anapinga, na maneno yake yanaingia kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo mswada unapita hatua tatu za mjadala na kura. Ili upite unahitaji kura 25. Gavana akiukataa, kura 30 zinamshinda gavana.

Tazameni mfano mmoja. Kulikuwa na seneta Mwafrika-Mmarekani anaitwa Ernie Chambers, kutoka kaskazini mwa Omaha. Alikuwa kinyozi, akasomea sheria, akachaguliwa mara ya kwanza mwaka 1970. Mwaka baada ya mwaka alileta mswada wa kufuta adhabu ya kifo. Mwaka 1979 bunge lilikubali, gavana akakataa. Hakuchoka. Mwaka 2015, katika bunge ambalo wengi wao ni Republican, mswada ukapita. Gavana, ambaye pia ni Republican, akaukataa. Tarehe 27 Mei bunge likapiga kura tena: 30 kwa 19. Gavana akashindwa kwa kura zile zile zilizohitajika, hata moja haikuzidi. Baadhi ya wale 30 ni watu wa chama chake mwenyewe. Hebu niambieni, kwetu kiranja angekubali?

Lakini hadithi haikuishia hapo, na mimi siwafichi. Novemba 2016 wananchi walipiga kura ya maoni wakairudisha adhabu hiyo. Waweza kufurahi au kuhuzunika, lakini angalia njia. Bunge liliamua hadharani, wananchi wakaamua hadharani, na kila mtu anajua nani alifanya nini.

Mfano wa pili ni wa juzi. Nebraska hugawa kura zake za urais kwa wilaya badala ya kumpa mshindi zote. Ndiyo sababu Barack Obama alipata kura moja ya Omaha mwaka 2008 ingawa alishindwa jimbo zima. Mwaka 2024 wakubwa wa Republican, hadi Donald Trump mwenyewe, walitaka utaratibu huo ubadilishwe kabla ya uchaguzi wa Novemba. Seneta mmoja, Mike McDonnell, alikuwa ametoka Democrat akahamia Republican mwaka huo huo. Wote wakamtazama yeye. Mwezi wa tisa akasema hapana, si karibu hivi na uchaguzi. Jambo likaishia hapo. Na tazama hili: alihama chama na kiti chake hakikuguswa, kwa sababu chama hakikumpa kiti. Huku kwetu Katiba inasema mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akikihama, anapoteza kiti. Sheria hiyo ina sababu zake, tumewaona wanaonunuliwa. Lakini pia ndiyo kamba wanayofungiwa shingoni wanapotaka kusema kweli.

Sasa msitoke hapa mkidhani Nebraska ni pepo. Ina kasoro, na lazima tuzitaje.

Kwanza, vyama havikufa. Havipo kwenye karatasi ya kura, lakini vinatuma barua, vinatoa pesa, na magazeti yanaandika nani ni wa wapi. Baada ya uchaguzi wa 2024 kila mtu alijua hesabu: Republican 33, Democrat 15 na mmoja asiye na chama. Kila mwaka vyama vinavuta zaidi.

Pili, nembo inapoondoka, asiye na habari hupotea. Ataangalia jina analolijua, au bango kubwa zaidi. Aliye na pesa za mabango anafaidika.

Tatu, mshahara. Seneta wa Nebraska analipwa dola 12,000 kwa mwaka, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1988. Najua hapa wengine mnacheka, mnawafikiria waheshimiwa wetu. Lakini fikiria upande wa pili. Kwa pesa hiyo kule, nani anaweza kuacha kazi yake miezi kadhaa akakae bungeni? Mstaafu, mwenye biashara, mwenye shamba kubwa. Dereva na mwalimu watajifikiria mara mbili. Mshahara mdogo mno nao ni mlango unaofungiwa maskini.

Kuna ndugu atasema, "Basi na sisi tufute Seneti, tubaki na bunge moja." Polepole. Sisi tumeshakuwa na bunge moja. Seneti ya uhuru ilifutwa mwaka 1966, ikarudi 2013 kwa Katiba ya 2010. Bunge lile moja ndilo lililopitisha mwaka 1982 kwamba Kenya ni nchi ya chama kimoja. Kwa hiyo baraza moja si dawa peke yake. Pia Seneti yetu ina kazi ambayo Nebraska haihitaji, kuzilinda kaunti zisinyimwe haki yao. Ni kweli mwaka 2019 mabunge yetu mawili yalivutana juu ya mgao wa kaunti hadi mwezi wa tisa, na wagonjwa na wafanyakazi wa kaunti ndio walioumia. Dawa ya hapo ni kudai kamati ya upatanishi ikae mbele ya macho yetu, si gizani.

Na msichanganye vitu viwili. Kutokuwa na chama kwenye karatasi si sawa na kuwa na chama kimoja. Chama kimoja ni pale mtu mmoja anapoamua nani agombee. Nebraska ni pale ambapo hakuna chama kinachoamua. Wazee waliopanga foleni ya mlolongo mwaka 1988 wanaijua tofauti hiyo kuliko mimi.

Basi somo ni lipi kwetu? Nebraska walipoondoa baraza la pili, kazi ya kuchunga waliiacha mikononi mwa mwananchi. Kwenye lango la jengo lao la bunge, mjini Lincoln, yamechongwa maneno yenye maana kwamba usalama wa jimbo ni raia aliye macho. Sisi hatuna haja ya kungoja Katiba ibadilishwe ndipo tuwe macho. Tuna mambo manne mkononi tayari.

Moja. Bunge la kaunti yetu ni la baraza moja. Hakuna wa pili wa kulaumiwa. Mswada mbaya ukipita pale, umepitishwa na watu tunaowajua kwa majina. Tuuliza nani alipiga kura gani.

Mbili. Katiba, kifungu cha 118 kwa Bunge na 196 kwa kaunti, inataka wananchi washirikishwe. Tusikubali tangazo la leo kwa kikao cha kesho, wala kikao kinachojazwa watu wa kulipwa nauli na soda. Tufike, tuseme, tudai maneno yetu yaandikwe.

Tatu. Kifungu cha 85 kinamruhusu mtu kugombea bila chama. Kwa wadi anahitaji sahihi za wapiga kura 500, na asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kijana mwenye kazi inayoonekana mtaani asiambiwe "huna chama, huna maana". Mpimeni kwa kazi yake.

Nne, na hii haihitaji sheria yoyote. Tarehe 10 Agosti 2027 utapewa karatasi sita. Kabla ya siku hiyo chukua karatasi yako mwenyewe nyumbani, andika majina ya wagombea wa wadi yako bila chama. Mbele ya kila jina andika amefanya nini na amesema nini juu ya maji, ardhi, hospitali na vijana wanaopotea. Ukiona mbele ya jina hakuna kitu cha kuandika, basi umejua ni nini ulichokuwa ukikipigia kura miaka yote.

Fanya hivyo na mama yako, na jirani yako, na wenzako wa maskani. Kisha mje tuulizane.

Wabillahi tawfiq.