Mazungumzo juu ya Kuchagua Wajumbe wa Kamati za Mialo



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya watu tunaowaweka katika kamati na mabaraza ya umma. Wengi hudhani ya kuwa, maadamu kamati ipo na muhuri wake upo, kazi imekwisha. Lakini wazee wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Kamati iliyojaa watu wa namna moja huona upande mmoja tu wa jambo, hata ikiwa watu wake ni waaminifu.

Na tuanze na mambo yaliyopita. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926. Kwa muda wa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyekaa humo, ijapokuwa sheria za kodi, za mashamba na za kazi ziliwahusu Waafrika kuliko watu wote. Mwaka 1945 waliingia machifu wawili, Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Huo ulikuwa mwanzo. Lakini wote wawili walikuwa machifu, nao waliteuliwa na serikali. Mkulima wa pamba, mvuvi na mama wa nyumbani hawakuwa na kiti.

Mkulima wa pamba alijifunza neno hili penye mizani. Katika Jimbo la Ziwa wakulima walinung'unika kwa muda mrefu kwamba pamba yao hupunjwa wakati wa kupimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walijiunga pamoja, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakaweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana vikawa shirikisho kubwa la ushirika la Victoria. Mizani ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwenye pamba naye alikuwa na macho yake pale.

Lakini lipo fundisho la pili, nalo lilitoka Geita. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitaka mabaraza ya wilaya yawe na watu wa rangi mbalimbali: Waafrika, Waasia na Wazungu. Mtu aweza kusema, je, huo si mchanganyiko tunaousifu? Watu wa Geita hawakuukubali, kwa kuwa hawakuulizwa. Waliona ya kuwa viti vimegawanywa kwa rangi na wakubwa, wala havikufuata hesabu ya watu wala hiari yao. Mwaka 1958 wengi walikwenda Mwanza kutoa malalamiko yao, na polisi wakawatawanya kwa moshi wa machozi. Baadaye serikali ililegeza shuruti hiyo, na mwisho ikaiacha.

Basi, ndugu zetu, tuyashike mafundisho haya mawili pamoja. La kwanza, anayeguswa na jambo na awe na kiti. La pili, kiti hicho kitoke mikononi mwa wale atakaowasemea, kisitoke mfukoni mwa mkubwa.

Sasa tuje katika mialo yetu. Tangu miaka ya 1990 vikundi vya usimamizi wa uvuvi, ambavyo kila mtu huviita BMU, vimewekwa katika mialo ili wavuvi wenyewe wasaidie kulinda samaki. Kenya, Tanzania na Uganda ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994, na makao yake yako Jinja. Miongozo ya pamoja iliyotolewa kwa nchi hizo yasema kwamba kamati ya mwalo iwe na watu 9 hadi 15. Katika kila mia, 30 wawe wenye mitumbwi, 30 wawe mabaharia, 10 wawe wachuuzi wa samaki, na 30 wawe watu wa kazi nyingine za mwalo, kama vile wachakataji wa samaki, mafundi wa mitumbwi na washona nyavu. Tena wanawake wasipungue 3, inapowezekana.

Twawasihi walimu wawasomee watu hesabu hii polepole, kwa maana ina hekima. Mwenye mtumbwi ajua bei ya injini na ya nyavu. Baharia ajua kilichotokea majini usiku, na nani avutaye kokoro ilhali ni marufuku. Mama aanikaye dagaa ajua jambo ambalo hao wawili hawalioni: dagaa walioanikwa mchangani, mvua ikiwanyeshea, huharibika, na waliokusudiwa kuliwa na watu huuzwa kwa bei ndogo wawe chakula cha kuku. Kamati ikiwa na fedha kidogo, na wote waliomo ni wenye mitumbwi, fedha hiyo yaweza kwenda yote katika doria na mafuta ya boti. Akiwapo mwanikaji, atauliza habari za vichanja. Vyote viwili vyafaa. Lakini la vichanja halitajwi asipokuwapo wa kulitaja.

Tena fikirini habari ya adhabu. Mwenye mtumbwi akikamatwa na nyavu haramu, nao wanaomhukumu ni jamaa zake wenye mitumbwi watupu, watu watanong'ona hata kama hukumu ni ya haki. Na baharia akitozwa faini kwa kosa aliloamriwa na tajiri wake, nani atamsemea? Kamati yenye watu wa kazi zote huaminiwa, na kamati inayoaminiwa hutiiwa pasipo bunduki.

Wako watu wanaosema, "Tutazame uwezo tu, tusitazame kama ni mwanamke au baharia." Twawajibu kwamba uwezo ni lazima, lakini uwezo si wa namna moja. Yeye aliyepanga, kuanika na kusafirisha dagaa hadi soko la Mwaloni, Kirumba, akafanya hesabu ya faida na hasara kwa miaka 10, ana elimu ya kazi hiyo. Wengine husema wanawake hawakupatikana. Yafaa tuwaulize: mkutano uliitwa saa ngapi? Ukiitwa asubuhi, wakati dagaa wanaposhushwa na kuanikwa, hakika hawatapatikana. Neno "inapowezekana" lisiwe mlango wa kuwatolea nje.

Wala jambo hili si la mialo peke yake. Sheria ya mwaka 1982 yataka robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, katika halmashauri ya watu 15 hadi 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka baraza la ardhi la watu 7, na kati yao wanawake wasiopungua 3. Basi sheria zimekwisha kufungua njia; iliyobaki ni kazi yetu.

Na kazi hiyo twaieleza kwa maneno machache.

Kwanza, uchaguzi utangazwe mapema, hata katika kambi za mabaharia, na ufanywe siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa hupumzika.

Pili, kila kundi lijichagulie mtu wake. Tajiri asimtaje baharia wake mwenyewe kuwa mjumbe wa mabaharia, kwa maana mtu huyo atasema maneno ya tajiri kwa kinywa cha baharia.

Tatu, mabaharia huhama mwalo hata mwalo kwa kufuata samaki. Kwa hiyo wachague na wa akiba, ili mmoja akihama kiti kisikae kitupu.

Nne, mjumbe mwanamke asiwekwe kwa kuhesabiwa tu na kupika chai. Apewe kazi iliyo kazi: kutunza fedha, kuandika kumbukumbu, au kushika uenyekiti akichaguliwa.

Tano, hesabu za fedha zisomwe mbele ya mkutano wote, kwa sauti, hata asiyejua kusoma azisikie.

Ninyi wenyeviti na walimu mna heshima mbele ya watu, na neno lenu lasikika. Kabla ya uchaguzi ujao katika mwalo wenu, andikeni katika karatasi kazi zote zinazofanywa pale, tangu kuunda mtumbwi hata kufunga gunia la dagaa. Kisha tazameni majina ya wajumbe, mwone ni kazi gani haina mtu. Hapo ndipo pa kuanzia. Ziwa ni letu sote, na samaki wakipungua, hapana nyumba itakayosalimika kwa sababu mwenyewe alikuwa katika kamati.