HADITHI YA JESHI LISILO NA HATIA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa elimu wa tawi)



Kamati ya elimu imetutaka tuseme habari za Vita Vikuu vya Pili, vilivyopiganwa toka mwaka 1939 hata 1945. Hatutasimulia mapigano. Twataka kueleza uwongo mmoja uliozaliwa baada ya bunduki kunyamaza, ukadumu karibu miaka hamsini. Uwongo wenyewe ni huu: kwamba mauaji ya Wayahudi na raia wengine yalikuwa kazi ya Hitler na kikosi chake cha SS peke yao, na kwamba jeshi la kawaida la Ujeremani lilipigana kwa heshima, wala halikujua lolote.

Yatupasa sisi wafanyi kazi kuujua uwongo huu, kwa maana namna yake si ngeni kwetu. Ubaya ukitokea kazini, twaambiwa kosa ni la nyapara mmoja, na wakubwa waliotia sahihi hawana habari. Basi na tuzitazame sahihi.

Tarehe 13 Mei 1941, kabla jeshi halijaingia Urusi, amri ilitoka makao yake makuu: askari akimtendea raia uovu, si lazima ashitakiwe, na raia akishukiwa, ofisa aweza kuamuru apigwe risasi bila mahakama. Tarehe 6 Juni ikatoka nyingine: makamisaa wa kisiasa wa jeshi la Urusi wakishikwa, wauawe. Tarehe 20 Novemba mwaka huo huo, Jemadari Erich von Manstein alitia sahihi amri ya kuwaambia askari wake waelewe kwa nini Wayahudi lazima waadhibiwe vikali. Alipoonyeshwa karatasi hiyo mahakamani Nuremberg mwaka 1946, alisema hakuikumbuka.

Sasa tutazame matendo. Mateka wa vita walikuwa chini ya jeshi. Warusi kadiri ya milioni 5 na laki 7 walishikwa, na zaidi ya milioni 3 walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na risasi. Wengi walifungiwa uwanjani, ndani ya seng'enge, bila paa. Lakini katika mateka wa Kiingereza na Kiamerika waliokuwa mikononi mwa Wajeremani hao hao, waliokufa hawakufika 5 kwa kila 100. Kwa hivyo hatuwezi kusema jeshi lilishindwa kulisha mateka. Lilijua ni nani litakayemlisha na ni nani litakayemwacha afe.

Katika Serbia, mwaka 1941, jeshi liliamuru raia 100 wauawe kwa kila Mjeremani mmoja aliyeuawa, na 50 kwa kila aliyejeruhiwa. Mwezi wa Oktoba, mjini Kraljevo, askari waliwakusanya wanaume, wakiwamo mafundi wa karakana ya reli na wa kiwanda cha ndege, wakawapiga risasi kundi baada ya kundi. Kisha Kragujevac wakaua watu zaidi ya 2,000, na wanafunzi wa shule walikuwamo. Waliofyatua bunduki walikuwa askari wa miguu wa kawaida.

Hata pale SS ilipoua, jeshi lilitia mkono. Mjini Kiev, siku mbili za mwisho wa Septemba 1941, Wayahudi 33,771 waliuawa katika bonde la Babi Yar. Matangazo yaliyowaita wakusanyike yalipigwa chapa na jeshi.

Mtauliza: mambo haya yalifichwaje? Yalifichwa na wakubwa wenyewe, kwa kalamu. Mwezi wa Novemba 1945 majemadari watano, Manstein akiwa mmoja wao, waliiandikia mahakama ya Nuremberg maelezo ya kujitetea. Mahakama haikuwatangaza majemadari kuwa chama cha wahalifu, lakini ilisema wazi kwamba wengi wao walikuwa na hatia na waliaibisha kazi ya uaskari. Neno la kwanza likatangazwa, la pili likaachwa. Kisha jeshi la Marekani likamweka kazini Franz Halder, aliyekuwa mkuu wa mipango ya jeshi zilipotungwa zile amri za 1941, asimamie mamia ya maofisa wenzake waandike historia ya vita. Mwaka 1961 alipewa nishani kwa kazi hiyo. Wahenga walisema, kesi ya nyani hakimu ngedere.

Na wakubwa wa Magharibi walikuwa na haja yao. Walitaka jeshi jipya la Wajeremani la kuwakabili Warusi. Oktoba 1950 maofisa wa zamani walitoa sharti: jina la askari wa Kijeremani lisafishwe kwanza. Januari 1951 Jemadari Eisenhower alitamka kwamba askari wa Kijeremani si sawa na Hitler na genge lake. Manstein alikuwa amefungwa na Waingereza miaka 18 mwaka 1949. Mwaka 1953 alikuwa nje, na 1955 kitabu chake kilitoka. Mwaka huo huo jeshi jipya likaundwa.

Uwongo huo ulianza kuvunjwa na Wajeremani wenyewe, walipofungua majalada. Mwaka 1978 Christian Streit alitoa kitabu juu ya mateka wa Kirusi. Mwaka 1995 maonyesho ya picha na barua za askari yalifunguliwa Hamburg, yakazunguka miji mingi, yakatazamwa na watu kadiri ya 800,000. Wengine waliandamana kuyapinga. Picha chache zilionekana zimeandikwa maelezo yasiyo sawa, maonyesho yakafungwa mwaka 1999. Wataalamu wakapima picha zote 1,433: zisizostahili kuwamo hazikufika 20, na shina la habari lilikuwa kweli.

Ndugu, hatusemi kila askari aliua. Watu zaidi ya milioni 17 walipita katika jeshi hilo. Mmoja wao, Anton Schmid, fundi wa umeme wa Vienna, aliwaficha Wayahudi mjini Vilnius, akawapa hati za kazi, akawatorosha kwa malori ya jeshi. Jeshi lake lilimwua tarehe 13 Aprili 1942. Mwaka 2000 kambi ya jeshi la Ujeremani ilipewa jina lake. Wale waliosema hawakujua lolote walivaa nguo kama zake, na hata yeye, asiye jemadari, alijua.

Kwa hivyo, tukiletewa habari kwamba wakubwa hawakujua, tusibishane kwa maneno matupu. Tuulize amri ilitoka ofisi gani, tarehe gani, na sahihi ni ya nani. Na karatasi zetu wenyewe tuzitunze, wasije wengine wakatuandikia yaliyotupata.

Tumekwisha. Mwenye swali na ainue mkono.