Pampu Ilikuwa Mbele



Mmetuuliza habari za safari yetu ya baiskeli ya Jumamosi, Moshi hadi Arusha. Ni kilomita kama 80, na ukielekea Arusha sehemu kubwa unapanda.

Tuliondoka alfajiri, watu watano. Kikafu tuliteremka pamoja, lakini ng'ambo kila mtu akapanda kwa nguvu zake. Hapo tulikosea. Boma Ng'ombe, tukiagiza chai, tulijihesabu: wanne. Mwenzetu mkubwa kwa umri alikuwa amepata pancha, na pampu, viraka na gundi, vyote vilikuwa kwenye mfuko wa aliyetangulia. Tuligeuza, tukamkuta anakokota baiskeli pembeni, malori yakimpita karibu. Hakutulaumu. Alisema tu, "Nilidhani mngegeuka mapema." Neno hilo lilituuma kuliko kilima.

Kuanzia hapo yeye akatangulia, pampu ikakaa kwa wa mwisho. Usa River tulipita juani, maji yameisha, Arusha tukaingia saa tisa badala ya saa sita. Jumapili tulirudi kwa mpango huo huo.

Anayetaka safari ijayo anakaribishwa, ila aje na tyubu yake ya akiba.