Mzazi na Shule ya Jirani



Kabla ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Mkristo aliyesema "shule yetu" alikuwa na maana ya shule ya misheni. Sheria hiyo iliziweka shule mikononi mwa Serikali, jambo lililokuwa la haki kwa watoto wa dini zote. Lakini pamoja na majengo, Wakristo wengi walikabidhi hata ile hisia kwamba shule ni yao. Hilo halikuagizwa na sheria yoyote.

Mwanza, hata hivyo, iliwahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, uliweka makao yake mjini hapa na kuihudumia mikoa ya ziwa. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa habari za pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi. Wengi waliofundisha hawakuwa walimu kwa taaluma. Walikuwa wanakijiji waliojitolea kuwafundisha jirani zao. Mwaka 1974 likaanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wapate cha kusoma.

Tangu mwaka 2016 elimumsingi hutolewa bila ada. Wapo walioelewa kwamba kazi ya mzazi imekwisha. Aliyeondolewa ada hakuondolewa shuleni.

Utafutwe mfano ufukweni. Uvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi. Katika majuma hayo kazi ya kuanika huanza mapema mialoni, na mtoto huweza kuonekana mchangani wakati wenzake wanaitwa majina darasani. Mwalimu huandika "mtoro". Anayeijua sababu ni mama anayeanika kando yake, na huyo hakuulizwa. Hapa ndipo akina mama wa usharika wana cha kutoa kuliko fedha: kupanga zamu ya kuanika ili watoto waachiwe mapema, na kumweleza mwalimu mkuu majuma ya giza kabla hayajafika. Mtoto aliyekwisha kukosa vipindi asomeshwe jioni na kijana aliyemaliza kidato cha nne. Martin Luther, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524, alijua kwamba wazazi huwahitaji watoto kazini. Akashauri wavulana wasome saa moja au mbili kwa siku, muda mwingine wafanye kazi nyumbani. Leo saa mbili hazitoshi, ila hakumdharau mzazi mwenye shida.

Kazi nyingine hazihitaji maelezo mengi: seremala atengeneze madawati, wazazi wapokezane kupika uji, na mkutano wa wazazi unaosomewa mapato na matumizi ujazwe watu, kwa kuwa kamati ya shule isiyoulizwa huzoea kutojibu.

Anayejitolea aanze kwa mwalimu mkuu. Haendi darasani kumsimamia mwalimu, wala kuwahubiria watoto ambao wazazi wao ni Waislamu. Tena asiachwe peke yake na watoto, hata akiwa mzee wa kanisa. Hilo lisimwudhi mtu.

Kabla ya giza lijalo, majina ya watakaoanika kwa zamu yaandikwe, na nakala apelekewe mwalimu mkuu.