Mlango Unaofungwa Kidato cha Pili



Tumeombwa tuseme machache juu ya kumwandaa mtoto kwa ajili ya chuo kikuu, nasi tumechagua kumzungumzia mtoto wa kidato cha pili. Huenda baadhi yenu mkaona tunawahi mno. Lakini sisi tunaofundisha masomo ya ziada katika ukumbi huu kila Jumamosi huwaona vijana wa kidato cha sita wakibisha mlango waliokwisha kuufunga wenyewe, wakiwa na miaka 15, pasipo mtu mzima karibu nao.

Anapoelekea kidato cha tatu, mwanafunzi huweza kuacha Fizikia na Kemia. Huamua kwa kumfuata rafiki, au kwa kumkimbia mwalimu mkali. Asiyefanya Kemia kidato cha nne hawezi kuchukua tahasusi ya PCB kidato cha tano. Na vyuo vyetu, kwa shahada ya udaktari wa binadamu, hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita. Hata njia ya kuzunguka, ile ya stashahada ya utabibu, nayo hudai masomo hayo hayo katika cheti cha kidato cha nne.

Hatusemi kila mtoto awe daktari; tamaa hiyo imekwisha kuwachosha watoto wengi, wa hekaluni na wa mtaani. Apendaye historia na lugha aiache Fizikia kwa amani, ila ajue anachokiacha. Kaeni naye jioni moja kabla hajaamua. Mwulizeni kama analichukia somo au anamwogopa mwalimu, maana mawili hayo huchanganywa sana. Na kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mara nyingi kinachomshinda si Fizikia bali Kiingereza inachofundishiwa. Huyo ahitaji msaada wa lugha, wala si kuhamishwa somo. Hisabati haina ruhusa ya kuachwa, lakini wengi huiacha kimoyomoyo, nao wazazi hulipokea jambo hilo kama kudra.

Liko jambo jingine, dogo hata tunaona haya kulihutubia: majina. Mwombaji wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Majina yetu ya Kigujarati huandikwa kwa namna nyingi, na ya majirani zetu hubadilika mtoto anapohamia kwa mjomba au shangazi. Jina likiwa moja katika cheti cha kuzaliwa na jingine shuleni, usumbufu wake hujitokeza wakati muda wa maombi unayoyoma. Kidato cha pili bado ipo nafasi ya kulisahihisha, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Basi Jumamosi ijayo njoni na vyeti vya kuzaliwa na ripoti za shule. Tutavilinganisha pamoja, jina kwa jina.